Mwaka Shomari Alipokaukwa na Mate

Matangani kwa mume wangu, wanaume waliokaa barazani walisema Shomari hakuwa mtu wa kuogopa. Mimi nilikuwa chumba cha ndani, nimekaa mkekani pamoja na wanawake wenzangu, na ukuta wetu wa udongo hauzuii maneno. Mmoja alisema alimwona Shomari zamani akisimama na siwa mbele ya majumbe, wakuu wa miji ya pwani yote hii, kanzu imemnyooka, mkono hautikisiki. Mwingine akasema mtu wa namna ile huzaliwa na moyo wake, hafundishwi na mtu. Niliposikia hayo nikajiinamia ndani ya ukaya wangu, ule mtandio wetu mrefu wa bafta, mabega yakawa yananicheza, na wifi yangu akanishika mkono, akaninong'oneza nilie tu, nisijizuie. Kumbe sikuwa nalia. Nilikuwa nacheka, na kilio kilinijia baadaye, wakati wenyewe wameshakwenda zao na sinia za wali zimeshaoshwa. Sasa nimekaa eda. Sitoki, sipokei wageni wengi, na mchana ni mrefu. Nautumia kumkumbuka Shomari niliyemjua mimi, si yule wa barazani, na kila nikimkumbuka narudi mwaka ule mmoja, mwaka nilioolewa, kabla Wadachi hawajaja kutweka bendera yao Bagamoyo.

Nililetwa kutoka Mlingotini, masika hayajaanza, nikaingizwa nyumba hii hii na chumba hiki hiki nilichokalia eda. Makuti ya paa yalikuwa mapya wakati ule, bado yana harufu ya majani yaliyoanikwa juani. Palikuwa na kitanda cha kamba, sanduku langu la nguo, mtungi pembeni, na kidirisha kidogo kilichokuwa kikileta moshi wote wa jikoni kwa mama mkwe wangu, Bi Mwanahawa. Shomari alikuwa kijana mrefu, mwenye vidole virefu, na alikuwa hasemi. Si kwamba alikuwa mkali. Asubuhi aliniuliza nimeamkaje, akaenda zake shamba; akirudi alinawa, akala, akashukuru, akanyamaza. Nilidhani hanipendi. Nilikuwa katika umri ambao msichana akinyamaziwa hudhani sababu ni yeye. Na zilikuwapo siku mbaya zaidi, siku chakula kilipokuwa kikirudi kama kilivyokwenda. Nakumbuka nilipika wali wa nazi na mchuzi wa papa, nikautia bizari na ndimu kama nilivyofundishwa kwetu, nao ukarudi na alama ya tonge moja tu ubavuni. Nikaenda jikoni nikalia, nikasingizia moshi.

Sababu niliijua kwa kusikia maneno yasiyokuwa yangu. Nilikuwa ndani napeta mchele, na huko uani mama mkwe alikuwa ameketi na kaka yake, Mjomba Hatibu, mzee mcheshi aliyekuwa akija kila siku kunywa kahawa kwetu.

"Kaka, mtoto hali," alisema mama mkwe. "Tangu ulipomwambia habari ya siwa, hali."

"Atakula. Mimi pia nilikuwa hivyo."

"Wewe ulikuwa ukila mpaka ukoko."

Mjomba akacheka, na kicheko kikamtoka kwa upepo, maana meno yake ya mbele yalikuwa yamekwisha kwa ugonjwa wa ufizi. "Basi sina la kumwambia," akasema. "Lakini mimi siwezi tena, dada. Nikipuliza, pumzi inatokea huku. Na siwa ni ya nyumba yetu. Nikifa mimi ni ya mpwa wangu, na kama si yeye, ni nani?"

Kwa asiyeijua, siwa yetu ilikuwa baragumu la shaba, refu kama mtoto aliyeanza kukimbia, limepinda kama pembe ya ng'ombe, na tundu la kupulizia halikuwa nchani bali ubavuni. Ilikuwa ikikaa kwa Mjomba, imeviringishwa kitambaa chekundu, na hakuna aliyeigusa bila udhu. Ikitoka, imetoka kwa jambo kubwa: ndoa katika nyumba za majumbe, tohara ya watoto wao, au siku ya kumfunga kilemba jumbe mpya. Jambo lisilopigiwa siwa lilihesabiwa halikufanyika. Tangu babu zao waliipuliza watu wa nyumba ile, na heshima ya mama mkwe wangu mjini, pale alipopishwa njiani na pale alipokalishwa kwenye shughuli za watu, ilitoka katika shaba ile. Shomari alijifunza kwa mjomba wake, na kila mtu alijua kwamba anaiweza. Lililokuwa halijajulikana ni kama ataiweza mbele za watu.

Jibu lilipatikana mapema. Iliingia harusi katika nyumba moja kubwa ya mawe karibu na soko, mvua za kwanza zimeshanyesha na njia zina tope. Mimi nilikuwa na wanawake upande wa pili wa uwanja. Ngoma zilinyamaza, Faraji mpiga zumari akashusha zumari yake, na Shomari akajitokeza akiwa na siwa mikononi, amevaa kanzu aliyopigiwa pasi na mama yake tangu alfajiri. Akainua. Mabega yakampanda mpaka masikioni. Ikatoka pumzi tupu, fuuu, kama mtu anayepuliza moto usiotaka kuwaka. Akaishusha, akajilamba midomo, akainua tena, ikatoka pumzi ile ile na mwishoni mlio mdogo wa kukwaruza. Mtoto mmoja akauiga mlio ule, watu wakacheka, wazee wakatazamana. Faraji, Mungu amrehemu, hakungoja kuambiwa. Alipachika zumari mdomoni akaanza kupiga kwa nguvu zake zote, ngoma zikamfuata, na harusi ikaendelea juu ya ile aibu kama maji yanavyopita juu ya jiwe. Lakini jioni ile ile majumbe walimpelekea Mjomba ujumbe wa adabu. Walisema wamesikitika, na kwamba wanatumai kijana atakuwa tayari siku jumbe mwingine atakapofungwa kilemba. Kama hatakuwa tayari, itabidi siwa ipelekwe nyumba nyingine yenye mtu wa kuipuliza.

Shomari alirudi kabla ya magharibi. Nilimkuta amekaa kizingitini, mlango wa uani, viatu bado vina tope. Nikamletea maji katika kata. Akanywa, akanirudishia, nikateka tena, akanywa tena. Ndipo akasema, na yalikuwa maneno yake marefu ya kwanza kwangu tangu ndoa.

"Asubuhi yote kinywa kilikuwa na mate. Nilipoinua tu, yakakimbia. Ulimi ukawa kama kipande cha mkeka. Midomo ikanatana na meno." Akaigusa kwa kidole, imepasuka katikati. "Siwa haitaki pumzi tu. Inataka midomo itetemeke, na midomo mikavu haitetemeki. Miguu ndiyo inayotetemeka."

"Ndiyo maana ulikuwa huli?"

"Nikila siku ninapoifikiria, natapika. Naenda kutapika kule nyuma ya choo, mama asinione."

"Mimi nilidhani chakula changu kibaya."

Akageuka akanitazama, na nadhani ndiyo mara ya kwanza kunitazama hasa, maana alikunja uso kama mtu aliyeona jambo ambalo limekuwapo siku zote. "Chakula chako," akasema, "ndicho kinachonisikitisha kukiacha."

Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, nimewaona watu wakiozwa kwa mahari makubwa na wengine wakiandikiwa mashairi, na mimi sikuandikiwa kitu. Nilizungumziwa habari za mate. Lakini nikikaa hapa sasa, naona kwamba ndoa yangu haikuanza siku ya nikahi. Ilianza pale kizingitini, mtu aliponionyesha pale panapomtisha na hakuficha hata kutapika kwake.

Baada ya siku hiyo nyumba yote ikawa na dawa. Mama mkwe alikwenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, akaandikiwa kombe la aya kwa zafarani ndani ya sahani nyeupe, ikaoshwa kwa maji ya waridi, Shomari akanywa kila Ijumaa. Mjomba alisema mambo yote ni tambuu. Yeye mwenyewe hakuwahi kupuliza bila tambuu shavuni. Shomari akajaribu, mate yakaja mengi, lakini yalikuwa mekundu, yakaingia ndani ya siwa na kumwagikia kifua cha kanzu kama mtu aliyechomwa kisu. Mama mkwe akaifua kanzu ile kwa kishindo kilichosikika mpaka kwa jirani. Tukajaribu asali, ikanata. Tukajaribu tangawizi, ikamkausha zaidi. Akajaribu kunywa maji mengi kabla ya kwenda kupuliza kwenye tohara moja ndogo, na alichokipata ni kusimama mbele za watu kinywa kikavu vile vile na kibofu kimejaa. Safari hiyo ilitoka sauti, lakini nyembamba na fupi, na aliondoka uwanjani kwa mwendo ambao Faraji alikuwa akiuiga hata uzeeni. Faraji alikuwa Mkwere wa upande wa Fukayosi, na kwa kuwa alijihesabu mtani wetu alikuwa na ruhusa ya kusema lolote. Lakini alipokaa na Shomari peke yao kwenye kibaraza, nilimsikia akisema kwa sauti nyingine. "Na mimi moyo hunienda mbio, ndugu yangu. Mpaka leo. Ila mimi nina ngoma ubavuni mwangu, nikikosea hakuna anayesikia. Wewe unasimama peke yako. Mimi nisingeweza." Maneno hayo hayakuwa dawa, lakini siku hiyo Shomari alikula.

Mpunga ulipoanza kukomaa tukawa tunashinda shamba kuamia ndege, mimi na yeye, tangu kunapokucha mpaka jua linapopungua. Palikuwa na kibanda cha makuti juu ya nguzo, na kamba zilizofungwa vifuu vya nazi vya kutingisha. Mjomba alikubali siwa ije shamba, imeviringishwa kitambaa chake, ili Shomari ajizoeze mbali na masikio ya watu. Na huko nilisikia jambo ambalo mji ulikuwa haujalisikia. Aliposimama pale ukingoni mwa jaruba na kupuliza, sauti ilianza chini kabisa, unaisikia tumboni kabla ya kuisikia masikioni, kisha ikapanda taratibu ikatanda juu ya mpunga wote, na ndege wakaruka makundi kwa makundi. Hatukuhitaji vifuu tena. Nilimuuliza kwa nini huku anaweza.

"Huku hakuna watu."

"Na mimi si mtu?"

Akafikiri. Hakuwa mtu wa kujibu haraka ili kupendeza. "Wewe ni wewe," akasema.

Katika siku hizo nilikuwa nimeshashika mimba, na kitu kimoja tu nilichokitaka duniani kilikuwa ukwaju. Nilikuwa nao kila mahali, umefungwa pindoni mwa nguo pamoja na chembe za chumvi. Siku moja nimekaa chini ya kibanda, Shomari amesimama mbele yangu anapuliza, nikachukua kipande kikali sana nikakinyonya, uso wote ukanikunjamana, jicho moja likajifunga lenyewe. Siwa ikakoroma. Ikatoa mlio kama wa mtu anayesukutua, halafu ikanyamaza. Shomari akaishusha, akatema mate pembeni, akafuta mdomo kwa mkono.

"Usile hicho kitu mbele yangu," akasema kwa hasira. "Kinywa kimejaa mate, siwezi hata..."

Akaacha pale pale. Mimi nikaacha kunyonya. Tukatazamana, ndege wakarudi kwenye mpunga wakala watakavyo, na hakuna aliyewafukuza. "Kula tena," akasema taratibu. Nikala tena, kwa kusudi, nikakunja uso zaidi, na nikaona koo lake likipanda na kushuka kumeza. Tulicheka mpaka nikashika ubavu. Alijaribu kuula yeye mwenyewe, lakini ukwaju mdomoni mwake ulifanya ulimi uwe na ukakasi na midomo ikawa mizito. Kuuona ukiliwa ndiko kulikomfaa. Sijui kwa nini iwe hivyo, na sikupata kumwona mtu wa kunieleza. Najua tu kwamba kinywa chake, ambacho hakikumtii yeye, kilinitii mimi.

Baada ya mavuno zikaja harusi. Jumbe mmoja alikuwa akiozesha binti yake, na uwanja mbele ya nyumba yake ulijaa watu wa mjini, wapagazi wa bara waliokuja kutazama, na Wahindi wa madukani waliosimama kwenye vizingiti vyao. Nilijipenyeza mpaka mbele ya wanawake, mama mkwe akiwa ubavuni mwangu, wote tumejifunika ukaya. Ngoma zikanyamaza. Shomari akajitokeza. Nilimwona akijilamba midomo, na ulimi ukapita kama unafuta vumbi, nikajua mate yameshakwenda. Macho yake yakawa yananitafuta katika safu ya wanawake wenye ukaya wa kufanana. Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo mke wa watu, mkwe mpya, hafanyi mbele ya umati wa wanaume. Nilifunua uso. Nikatoa ukwaju kutoka pindoni, nikautia mdomoni, nikamkunjia uso mume wangu, jicho moja limefungwa, mashavu yameingia ndani, kama kizee kisicho na meno. Mama mkwe akanifinya ubavuni, nikahisi kucha zake mpaka kwenye nyama. "Funika uso," akasema bila kufungua meno. "Unatuaibisha." Sikufunika. Nikanyonya tena. Nikaona koo la Shomari likipanda na kushuka, akainua siwa, na ikatoka ile sauti ya shamba, yote, kutoka chini kabisa. Wahindi walishuka vizingitini. Mjomba Hatibu, aliyekuwa amekaa na wazee, aliweka mkono juu ya mdomo wake usio na meno ya mbele na kuuacha hapo mpaka sauti ilipokwisha.

Nyumbani mama mkwe hakusema nami. Alipika, akagawa, akala, akaosha, na mimi nikawa natembea ukutani kama mjusi. Nilijua kuna watu wamemuuliza mkwe wake ana wazimu gani. Shomari alimfuata jikoni, nikasikia akizungumza kwa sauti ya chini muda mrefu, na sikusikia jibu. Lakini harusi nyingine ilipofika, nilipokuwa najitanda ukaya tayari kutoka, Bi Mwanahawa aliniita. Alikuwa na kifurushi cha jani la mgomba. Ndani yake mlikuwa na ukwaju aliouchagua mwenyewe, umetolewa kokwa, umepakwa chumvi na pilipili manga.

"Ule wa juzi ulikuwa umeanza kuwa mtamu," akasema. "Huu ni mkali. Na usimame kwa huku, mimi nitakukinga na wanaume."

Kuanzia siku hiyo tulikuwa watatu. Yeye alisimama na ukaya wake mpana ameutandaza kama pazia, kiasi cha kunificha na watu wote isipokuwa mtu mmoja. Nampenda mpaka leo kwa ukaya ule.

Kilemba kilikuja wakati wa joto, tumbo langu limeshakuwa kubwa. Jumbe mzee alikuwa amefariki, na aliyechaguliwa badala yake alikuwa mpwa wake, mtu mpole wa makamo aliyekuwa akijulikana zaidi kwa minazi yake kuliko kwa maneno. Wageni walialikwa kutoka Saadani, Winde na Mbweni. Mjomba alikuja kukaa kwetu ili awe karibu na mpwa wake, na mama mkwe akashona kanzu mpya. Hakuna aliyesema, lakini sote tulijua kwamba siku ile ndiyo itakayoamua siwa ibaki au iondoke. Na alfajiri ya siku hiyo, kabla ya wakati ambao mkunga aliutaja, uchungu ukanishika.

Mkunga akaja, pazia likashushwa, mama mkwe akavua nguo za shughuli akavaa za kazi. Jua lilipopanda Shomari akasimama nje ya pazia. Niliona miguu yake tu, safi, haitulii.

"Mwanaidi," akaniita.

"Labeka."

"Wananingoja. Nitakwendaje?"

"Kwa miguu."

"Kinywa kimeshakauka tangu hapa. Hata kusema nasema kwa taabu. Wewe hupo, na mama hayupo."

Uchungu ulikuwa umenishika tena, na mwanamke aliye katika hali ile hana nafasi ya kuchagua maneno mazuri. Nilipopata pumzi nikamwambia, "Sikiliza, bwana. Mimi hapa naomba maji tangu kulipokucha. Nayaomba kwa kelele, mkunga ananipa, na hakuna aliyenicheka. Ukikaukwa, omba maji."

"Mbele ya majumbe?"

"Wana mitungi," nikasema, kisha sikuweza kusema tena. Miguu ikasimama pale kidogo, halafu ikaondoka.

Saa zilizofuata sizielezi. Kila aliyezaa anazijua, na asiyezaa hatanisadiki. Nasema tu kwamba katikati yake, kutoka upande wa uwanja mkubwa, ngoma zilinyamaza. Mama mkwe alikuwa amenishika mgongo, na nilihisi mikono yake imekaza. Tukangoja siwa. Haikuja. Ukimya ukawa mrefu kuliko ule wa harusi ya kwanza, mrefu mpaka nikaacha kuusikia kwa maumivu, na mama mkwe akaanza kusoma kitu chini ya pumzi yake. Kisha, kutoka mbali, ikaja kama kicheko cha watu wengi pamoja. Mikono ya mama mkwe ikalegea mgongoni kwangu. Nikajua amekata tamaa. Na kabla kicheko hakijaisha, siwa ikalia. Ilianza chini, kama inavyoanza, ikapanda juu ya makuti ya mji mzima, ikaingia kwenye kidirisha changu, na haikutetemeka. Mkunga akasema, "Sasa, mwanangu, sukuma," na mimi nikasukuma.

Habari za kicheko kile alizileta Faraji. Alitangulia kufika, akasimama uani zumari ikiwa bado mkononi, na nilimsikia kupitia dirishani akimweleza mama mkwe. Shomari aliinua siwa, akaishusha bila kupuliza. Watu wakangoja. Akageuka kwa majumbe waliokaa safu, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka nyuma, "Wazee wangu, niwieni radhi. Nina woga, kinywa kimenikauka. Naomba maji." Mjomba Hatibu alifumba macho. Wazee walikuwa wakitazamana, kila mmoja akingoja mwenzake akasirike, ndipo yule jumbe mpya, aliyekuwa amekaa katikati na kitambaa cha kilemba kimezungushwa nusu kichwani, akasema, "Mleteeni maji. Kisha mniletee na mimi, kwa sababu nimekaukwa tangu asubuhi na nimeona haya kusema." Hapo ndipo watu walipocheka, na jumbe akacheka nao. Likaletwa bakuli. Shomari akanywa, jumbe akanywa baada yake, na mmoja wa wageni wa Saadani akanyoosha mkono akaliomba naye. "Basi ikawa kama shughuli ya kunywa maji," Faraji alisema. "Na baada ya hapo, mama, umesikia mwenyewe."

"Nimesikia," mama mkwe akajibu, na sauti yake haikuwa nzuri kwa sababu ya machozi.

Siwa ilibaki nyumbani, na Shomari aliipuliza mpaka nguvu zilipomwishia. Woga haukumtoka hata siku moja. Kila mara kabla ya kutoka alikwenda nyuma ya choo, na kila mara aliomba maji mbele za watu, hata ikawa desturi bakuli liwekwe tayari kabla hajafika, na vijana waliokuja baadaye wakadhani ni sehemu ya sherehe iliyoachwa na mababu. Wale wa barazani waliomsifu ni vijana hao hao. Waliona mtu anakunywa maji kwa utulivu, wakadhani huko ndiko kutoogopa.

Siku ile ya kilemba Shomari alikuja baada ya Faraji. Alikoga kwanza, akaja kusimama nje ya pazia, midomo imevimba.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Nimesikia. Ulichelewa."

"Nilikuwa nakunywa maji."

Mkunga akamtolea mtoto mlangoni, wa kike, amefungwa kitambaa cheupe, na pazia likabaki wazi kiasi cha mimi kuona. Shomari akampokea kwa mikono yote miwili, ile mikono mirefu, akimshika mbali na kifua kana kwamba atamvunja. Ilikuwa juu yake kumsomea adhana katika sikio la kulia, ili neno la kwanza atakaloingia nalo duniani liwe hilo. Akainama, akafungua kinywa, hakikutoka kitu. Niliona mabega yakipanda kuelekea masikioni, nikayajua. Kisha akainua uso, akamtazama mama yake, akasema bila haya yoyote, "Mama, maji." Bi Mwanahawa akateka kata moja mtungini, akamnywesha mwenyewe, mkono mmoja chini ya kidevu chake, kwa kuwa mikono yake yeye ilikuwa imejaa. Akameza. Akajipangusa midomo kwa bega la kanzu. Akamvuta mtoto karibu na kifua, akainama tena, na mara hii ikatoka adhana, yote, kwa sauti ndogo ya kumtosha mtu mmoja.